Vijana wa Eastlands wasifundishwe kukariri usaili

Katika mfumo wetu wa elimu, mwanafunzi anaweza kufika chuo kikuu bila kuulizwa na mtu yeyote, ana kwa ana, sababu ya kutaka kusoma anachokwenda kusoma. Hufanya mtihani wa KCSE kwa kalamu na kimya. Kisha alama zake huingia katika kompyuta za KUCCPS, shirika lililochukua mahali pa bodi ya zamani ya JAB chini ya sheria ya vyuo vikuu ya 2012, nalo humpangia kozi na chuo kulingana na alama alizozoa na machaguo aliyoyajaza. Sisemi kwamba utaratibu huu ni mbaya. Una haki yake, maana mtoto wa Kayole na mtoto wa Karen hupimwa kwa mizani moja. Lakini mtoto huyo huyo anapoomba nafasi katika chuo cha ng'ambo, huenda akajikuta ghafla mbele ya mtu asiyemjua anayemwambia, "Hebu nieleze habari zako." Hapo ndipo ulimi humganda.

Nimefundisha katika shule za sekondari za Eastlands kwa miaka mingi, na kwa muda sasa vijana wa Umoja, Buruburu, Dandora na Kariobangi wamekuwa wakinijia tufanye mazoezi ya usaili. Ninayoyaona yananitia wasiwasi. Si kwamba vijana hawa hawana akili. Akili wanazo tele. Linaloniudhi ni jinsi wanavyotayarishwa. Wengi huja wamekunja karatasi zenye maswali na majibu, walizouziwa na madalali wa elimu ya ng'ambo kwa fedha ambazo wazazi wao wamezipata kwa jasho sokoni Gikomba. Majibu yenyewe ni yale yale. Katika muhula mmoja nilisikiliza vijana watatu wasiojuana, nao wote walitamani udaktari tangu siku nyanya zao walipofariki dunia mikononi mwao. Nyanya hao watatu, Mungu awarehemu, walifariki kwa maneno yale yale, nukta kwa nukta.

Msaili naye si mjinga. Amesikiliza watahiniwa wengi, na jibu la kukariri hulitambua kabla halijafika nusu.

Inafaa wanafunzi wafahamu kwamba usaili si wa namna moja. Vyuo vingi vya ng'ambo havimsaili mwombaji kabisa. Baadhi ya vile vya Marekani humwachia kazi hiyo mtu aliyehitimu pale zamani, ambaye huzungumza na kijana kirafiki, aghalabu kwa njia ya video, akitaka kumjua kama mtu. Oxford ni mambo mengine. Huko wahadhiri wenyewe ndio wasaili, na tangu 2020 wamekuwa wakifanya hivyo kwa intaneti. Humpa mwanafunzi tatizo asilowahi kuliona, nao hawamngojei alipatie jibu. Wanataka kumsikia akifikiri kwa sauti, akikosea, akijirekebisha. Mwanafunzi wetu aliyezoea kwamba jibu ni sahihi au ni fimbo hunyamaza mpaka awe na uhakika. Anaponyamaza, msaili hana cha kupima.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Vijana wetu huficha mitaa yao. Kijana mmoja wa Kariobangi, mwenye alama nzuri katika fizikia, alinijia akijitayarisha kuomba uhandisi. Nikamwuliza anakotoka. "Nairobi." Hufanya nini mwishoni mwa juma? "Husoma vitabu." Vitabu gani? Akakwama. Ilinibidi nimchokonoe kwa nusu saa ndipo nikajua kwamba kila Jumamosi yuko na mjomba wake Kariobangi Light Industries, wakitengeneza redio, runinga na chaja za simu. Nilipomwuliza kwa nini vyombo vya bei rahisi havidumu, akasahau kabisa kwamba yuko kwenye usaili. Alinieleza jinsi kapasita inavyofura kwa joto, jinsi mafundi wanavyoitambua kwa macho kabla hata ya kuipima, na jinsi yeye alivyoanza kuhifadhi katika kopo zile zilizoharibika ili aone ni za aina gani hasa. Kwa nini hukuyasema haya tangu mwanzo? "Mwalimu, nilidhani wanataka vitu vya maana."

Kauli hiyo haijanitoka akilini. Ni nani aliyemfunza kwamba kazi ya mikono yake si kitu cha maana? Ni sisi walimu, kwa miaka kumi na miwili, tuliomfanya aamini kuwa elimu ni kile kilichomo katika kitabu cha kiada, na kwamba mtaa ni kelele ya kuzibiwa masikio.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo madalali hulihimiza. Huwaambia vijana wauze umaskini wao. Msichana aishiye karibu na jaa la Dandora alishauriwa aanze na moshi, uvundo na watoto wachokora, na ikiwezekana atokwe na machozi. Jaa hilo limekuwako tangu miaka ya sabini, na madhara yake si hadithi. Lakini chuo hakimpi mtu nafasi kwa kuwa ameteseka. Msichana huyu alikuwa na jambo bora zaidi. Kwa muhula mzima alikuwa ameandika katika daftari siku ambazo upepo ulileta moshi darasani na idadi ya wanafunzi waliokosa kuja siku iliyofuata. Daftari lenyewe lilikuwa na mapengo, naye aliyajua mapengo hayo na aliweza kueleza kwa nini hesabu yake haitoshi kuthibitisha lolote. Nilimwambia aanzie hapo. Machozi ayaache nyumbani.

Watu wa zamani watakumbuka kwamba safari hizi hazikuanza jana. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Kamukunji papa hapa Eastlands, alizunguka Marekani akihutubia na kuomba nafasi za masomo. Septemba ya mwaka huo ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81. Serikali ya kikoloni haikupendezwa, na ilivibeza vyuo walikokwenda. Maombi yalichambuliwa na Mboya mwenyewe pamoja na Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, na kufikia 1963 waliosafiri walikuwa karibu 800. Wangari Maathai alikwenda Kansas mwaka 1960 kwa mpango huo. Waliokwenda wakati ule waliweza kusema "nitarudi kujenga taifa" na kila mtu akaelewa, kwa kuwa taifa lilikuwa halijazaliwa na kazi zake zilihesabika. Siku hizi vijana hulirudia neno hilo kama kiitikio cha wimbo. Taifa lipi, kwa kazi gani, katika mtaa upi? Fundi chaja wa Kariobangi anaweza kujibu. Aliyekariri hawezi.

Malezi yetu pia yana sehemu yake. Mtoto mwenye adabu hamkodolei macho mkubwa wake, wala hajisifu. Akiwa ameanzisha chama cha hisabati peke yake, atasema "tulianzisha" na "tulijaribu kidogo." Sitaki adabu hiyo ife. Ila kijana aambiwe wazi kwamba katika chumba kile kusema "mimi nilifanya" si majivuno, ni ushahidi, na kwamba msaili akimaliza kwa kuuliza "Je, una swali?" huo si mtego. Na lafudhi za kuiga zikomeshwe. Nimemsikia msichana wa Jericho akizungumza Kiingereza cha puani ambacho hata yeye alikuwa haelewi kinamwelekeza wapi. Kiingereza chake cha darasani kilikuwa safi kabisa.

Halafu kuna mambo madogo ambayo humwangusha mtu mzima. Usaili ukiwekwa saa nane mchana kwa saa za London mwezi Desemba, hapa kwetu ni saa kumi na moja jioni, wakati ambapo matatu zimerudi na muziki unatikisa madirisha. Kijana aiandike saa hiyo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana saa zetu hutofautiana kwa sita na wapo waliochanganyikiwa. Atafute mahali tulivu mapema. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan yaliyokarabatiwa na shirika la Book Bunk lililoanzishwa 2017, ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi.

Akishapata nafasi, wa Marekani bado ana dirisha la ubalozi kule Gigiri, na huo ni usaili wa sura nyingine kabisa. Humalizika kwa dakika chache, akiwa amesimama. Sheria yao ya 1952, kifungu cha 214(b), humchukulia mwombaji kuwa anakusudia kuhamia huko mpaka aonyeshe vinginevyo. Hapa hadithi ndefu ya kapasita haifai. Unakwenda kusoma nini, kwa nini chuo hicho, nani anayelipa, utafanya nini baadaye: majibu mafupi, ya kweli, yanayolingana na karatasi. Ada iliyolipwa hairudishwi, na kwa familia nyingi za Mathare au Kayole hizo ni fedha za kodi ya nyumba ya miezi kadhaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wakuu ni dogo. Watenge kipindi kimoja kwa juma, tuseme Ijumaa alasiri, kuanzia kidato cha pili, si baada ya matokeo kutoka. Mwanafunzi asimame, aeleze jambo moja alilolifanya au alilolichunguza mwenyewe, na wenzake wamwulize maswali kwa dakika kumi bila mwalimu kuingilia. Karatasi zisiruhusiwe. Hata asiyetazamia kuvuka Namanga atafaidika, kwa maana mwajiri naye husaili. Katika shule moja ninayoijua wameanza, na Ijumaa iliyopita zamu ilikuwa ya mvulana ambaye mamake huuza samaki barabara ya Jogoo. Alieleza jinsi mama yake anavyoamua bei alfajiri kabla ya kujua bei za wenzake. Dakika kumi zilipokwisha, darasa likakataa kengele.