Sola kwenye gari: Waya upi, fyuzi ipi?

Paneli ya sola juu ya paa humwezesha dereva anayelala njiani kati ya Malaba, Jinja na Mbale kuwasha taa, kuchaji simu na kuendesha friji bila kuwasha injini. Lakini waya mwembamba au fyuzi isiyofaa inaweza kuteketeza gari pamoja na mzigo.

Jambo la kukumbuka ni moja: fyuzi hulinda waya, si kifaa. Kwa hiyo waya huchaguliwa kwanza, fyuzi baadaye.

Hesabu ya waya

Gawanya wati kwa volti upate ampea. Vifaa vya wati 180 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 15. Kwenye lori la volti 24 huvuta ampea 7.5 tu.

Kisha zidisha urefu wa waya kwa 2, kwa kuwa umeme huenda na kurudi. Zidisha kwa ampea, halafu kwa 0.0175. Gawanya jibu kwa volti unazokubali zipotee. Wengi hutumia asilimia 3, yaani volti 0.36 kwenye betri ya 12 na 0.72 kwenye ya 24. Utapata unene wa waya wa shaba kwa milimita za mraba.

Kwa umbali wa mita 5, gari la volti 12 linahitaji 7.3, hivyo nunua waya wa 10. Lori la volti 24 linahitaji 1.8, hivyo waya wa 2.5 unatosha.

Anayeweka waya huo wa 2.5 kwenye gari la volti 12 hupoteza takriban volti 1 njiani. Friji nyingi za gari hujizima volti zikishuka. Samaki walionunuliwa Jinja wanaweza kuharibika kabla ya kufika Mbale, ingawa betri bado ina chaji.

Kuchagua fyuzi

Ongeza robo juu ya ampea za vifaa. Ampea 15 zinahitaji fyuzi ya 20, ampea 7.5 zinahitaji ya 10. Fyuzi isizidi uwezo wa waya, la sivyo waya utaungua kabla fyuzi haijakatika.

Ifunge kwenye waya wa chanya, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri. Waya unaotoka betri kwenda kwenye kidhibiti chaji nao uwe na fyuzi yake. Inveta ipewe waya wake mnene na fyuzi yake: ya wati 600 kwenye volti 12 huvuta karibu ampea 60, kwani sehemu ya umeme hupotea ndani yake.

Dukani

Chagua waya wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko wa barabara. Kwaruza ncha: ikiwa ndani ni nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba, nayo hupitisha umeme kidogo zaidi. Swichi za usalama za umeme wa nyumbani pia hazifai, kwani umeme wa betri hutoa cheche zisizozimika kwa urahisi.

Kabla ya kuondoka Jinja kupitia Iganga na Tirinyi, washa vifaa vyote kwa nusu saa, kisha gusa waya na viungo vyake. Penye joto kali pamelegea au waya ni mwembamba. Fyuzi ikikatika njiani, tafuta sababu kwanza, kisha weka nyingine ya ampea zilezile. Usiizungushie karatasi ya sigara wala kipande cha waya.