Treni Bila Mji Haina Pa Kwenda

Reli ya modeli ni mchezo wa watu wazima kuliko wa watoto. Marekani, Uingereza na Ujerumani kuna watu wanaotumia miaka mingi ya jioni zao kujenga juu ya meza nchi ndogo yenye vilima, madaraja, miji na treni zinazokwenda kwa umeme. Kipimo kinachopendwa zaidi huitwa HO, ambacho hupunguza kila kitu mara 87. Mtu mzima hubaki na kimo cha sentimita 2, na behewa la mizigo la mita 12 huwa na urefu wa sentimita 14. Wengi huanza na treni yenyewe. Hununua kichwa cha treni na mabehewa, hutandika reli kwa duara, na mwisho kabisa hutafuta nyumba na barabara za kujazia nafasi iliyobaki. Utaratibu huo umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mji ndio unaoeleza kwa nini treni ipite hapo, kwa nini isimame na inabeba nini, kwa hiyo nyumba na mitaa zinastahili kufikiriwa kabla ya kipande cha kwanza cha reli kupigiliwa.

Ushahidi wa kwanza uko katika historia ya miji yenyewe. Katika sehemu kubwa ya Marekani reli haikufuata miji, iliizaa. Kampuni ya Illinois Central iliundwa mwaka 1851 ikiwa na ardhi kubwa iliyotolewa na serikali kwa ajili ya ujenzi, na kufikia 1856 njia yake ya zaidi ya kilomita 1,100 ilikuwa imekamilika. Watu waliohusiana na kampuni walipima viwanja vya miji kando ya njia na kuviuza, wakitumia ramani moja ya mfano, hata majina ya mitaa yakajirudia mji baada ya mji. Baadaye reli zilipoingia tambarare za Dakota, mwishoni mwa karne ya 19, mpango uliopendwa ulikuwa na umbo la herufi T: reli juu, stesheni katikati, na barabara kuu ikianzia stesheni na kwenda moja kwa moja mbali na reli. Sababu ilikuwa ya busara. Mkulima aliyekuja dukani kwa gari la farasi hakulazimika kuvuka reli wala kusubiri treni ndefu ya mizigo ipite. Maghala marefu ya nafaka, matangi ya maji ya kulisha injini za mvuke na vibanda vya makaa ya mawe vilijipanga kwenye reli. Benki ilishika kiwanja cha kona, maana huko ndiko kila mtu alikopita, na maduka yakaungana ukuta kwa ukuta kwenye viwanja ambavyo mara nyingi vilikuwa na upana wa mita saba na nusu tu.

Anayejua hayo tayari amepata nusu ya kazi yake. Anajua kwamba migongo ya nyumba zilizo karibu na reli itakuwa na milango ya kupakulia mizigo, na kwamba uso wa duka, wenye vioo vipana na ubao wa jina, utaelekea barabarani. Anajua kuwa hoteli itakuwa hatua chache kutoka stesheni, kwa sababu wachuuzi wasafiri walishuka hapo na mabegi mazito. Asiyejua ataweka kanisa, kituo cha mafuta na kiwanda popote palipo wazi, kila jengo likiwa zuri peke yake, na mtazamaji atahisi kasoro asiyoweza kuitaja. Jicho la binadamu limekulia mijini. Linatambua mtaa wenye sababu hata kama mwenye jicho hajawahi kusoma ukurasa mmoja wa upangaji miji.

Hapo huja pingamizi zito kuliko yote: nafasi. Meza ya kawaida ya anayeanza ni ubao mmoja wa plaiwudi wa mita 1.2 kwa 2.4. Zidisha kwa 87 na utapata eneo la mita 104 kwa 209, ambalo halitoshi mji mzima wa Dakota pamoja na maghala yake. Barabara kuu ya upana wa mita 24, kutoka uso wa duka hadi uso wa duka la ng'ambo, ingekula sentimita 28. Ni kweli kwamba mji kamili hauwezekani. Lakini wajenzi wazuri wamekuwa wakilitatua jambo hili kwa kupunguza kwa kuchagua, na kanuni yake inaeleweka kwa urahisi. Kitu ambacho mwili wa mtu unakigusa hakipunguzwi hata kidogo: mlango, ngazi, kizingiti, dirisha, ukingo wa barabara. Kitu kinachojirudia kinapunguzwa idadi. Kiwanda chenye madirisha 20 kwa safu kinaweza kubaki na 8, na bado kikaonekana kikubwa, mradi dirisha moja moja libaki na ukubwa wake wa kweli. Mtaa wa maduka 12 unaweza kuwa wa 5, lakini benki ya kona isiondoke, maana ndiyo inayoufanya mtaa kuwa barabara kuu. Kosa la kawaida ni kinyume chake, mtu kulibana jengo lote kwa uwiano sawa hadi milango ikawa mifupi kuliko watu wake. Hapo hata rangi nzuri haitaokoa kitu.

Nyuma kabisa, karibu na ukuta wa chumba, jengo halihitaji kuwa zima. Uso wake tu wenye unene wa sentimita 2, ukisimamishwa mbele ya picha ya mbingu na paa za mbali, unatosha kuonyesha kwamba mji unaendelea. John Allen wa Monterey, California, ambaye reli yake iitwayo Gorre & Daphetid ni miongoni mwa zilizosifiwa zaidi katika historia ya mchezo huu, alitumia vioo kurefusha mitaa na vyumba. Allen alifariki mwaka 1973, na siku chache baadaye moto ukateketeza sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kilichobaki hasa ni picha alizopiga mwenyewe, na kwa picha hizo wajenzi wa vizazi vilivyofuata wamejifunza kwamba ukubwa wa mji hautegemei mita za mraba.

Barabara ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayofichua uvivu upesi. Wengi hupaka ubao rangi nyeusi, huchora mstari mweupe katikati, na kuhesabu kazi imekwisha. Lami iliyochomwa na jua kwa miaka si nyeusi. Ni ya kijivu, na huwa nyepesi zaidi pale magurudumu yanapopita, huku mstari wa giza wa mafuta yaliyodondoka ukibaki katikati ya kila njia. Viraka vya lami mpya huwa vyeusi zaidi. Nyufa huchorwa kwa kalamu yenye ncha nyembamba na hazifuati rula. Tena barabara haiko bapa: katikati imeinuka ili maji ya mvua yaende kwenye mtaro. Njia nzuri ya kupata umbo hilo ni kuweka kwanza kingo za barabara, kumimina jasi laini katikati, kisha kulivuta kwa kipande cha kadibodi kilichokatwa kwa mviringo mdogo. Ukingo wenye kimo cha sentimita 15 unakuwa na milimita 1.7 tu, kwa hiyo anayebandika kijiti cha milimita 5 amejenga ukuta ambao hakuna mzee atakayeupanda. Kisha kuna swali la mahali barabara inapoishia. Ikigonga picha ya ukutani kwa mstari mnyoofu, mtazamaji anaona ubao. Ikikunja nyuma ya jengo la kona, au ikipanda kilima kidogo na kupotea, akili yake inaimalizia safari. Na jengo lenyewe lisielee: uwazi mwembamba kati ya msingi na ardhi unaonekana ukiwa mbali, nao unazibwa kwa udongo uliochekechwa na gundi ya maji. Hakuna dawa iliyo rahisi kuliko hiyo, na bado ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Kuhusu uchakavu, hoja ya sababu inatusaidia tena. George Sellios wa Peabody, Massachusetts, alianza mwaka 1985 kujenga Franklin & South Manchester, mji mzito wa matofali uliowekwa katika miaka ya 1930, wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi. Matangazo yaliyofifia ukutani, mapipa, mbao zilizovunjika na paa zenye viraka vilimpatia sifa duniani, na wapo wanaolalamika kwamba hakuna mji uliowahi kuchakaa kiasi hicho. Nadhani lalamiko hilo linawafaa wanaomwiga kuliko yeye. Uchakavu una chanzo: masizi hukaa upande unaotazama reli, maji huacha michirizi chini ya kizingiti cha dirisha, kutu huanza kwenye ncha za mabati, rangi ya mlango hufutika karibu na kitasa. Anayepaka wino uliochanganywa na spiriti kila ukuta kwa kipimo kimoja ameuchafua mji wake bila kuuzeesha.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yanakula muda wa treni, na kwamba wao wanataka kuziona zikikimbia. Ni haki yao, na treni inayopita kwa mwendo mzuri ni furaha halali. Lakini duara huchosha mapema. Frank Ellison, aliyejenga reli yake ya Delta Lines huko New Orleans, aliandika mwaka 1944 mfululizo wa makala akiifananisha reli ya modeli na tamthilia, treni zikiwa waigizaji na mandhari jukwaa. Alichokuwa akitetea kina faida ya vitendo. Ghala la nafaka likiwepo, behewa tupu lina sababu ya kuachwa hapo na lililojaa lina sababu ya kuchukuliwa. Kiwanda cha samani kinahitaji mbao ziingie na meza zitoke. Mchezo wa kupanga mabehewa kwa mahitaji ya mji unaweza kudumu miaka, na hauwezi kuwepo pasipo mji.

Pingamizi la mwisho linagusa ukweli. Miji ya modeli, wanasema wakosoaji, ni ndoto za watu wanaotamani zamani isiyokuwepo, yenye jua kila siku na isiyo na mnyonge. Mara nyingi wako sahihi. Reli ya Marekani iligawa miji: upande mmoja wenye nyumba nzuri, upande wa pili masizi na nyumba za waliolipwa kidogo. Katika majimbo ya Kusini, stesheni zilikuwa na vyumba viwili vya kusubiria, cha wazungu na cha watu weusi, na hali hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu anayejenga stesheni ya Alabama ya mwaka 1938 yenye mlango mmoja kwa abiria wote ameghushi historia, hata kama kila tofali amelipima. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kambi ya reli kwenye uwanda wa majimaji, na mji uliokua hapo ulipangwa kwa rangi za watu, wafanyakazi Waafrika wa reli wakiwekwa katika nyumba za mtaa wa Muthurwa. Atakayeijenga Nairobi ya zamani juu ya meza na kuiacha Muthurwa nje atakuwa amejenga stesheni isiyo na wafanyakazi. Jawabu kwa wakosoaji ni kuujenga mji wote, pamoja na upande wake usiopendeza. Modeli inaweza kufanya hivyo vizuri, kwa sababu inamwonyesha mtazamaji kwa mara moja jinsi nyumba ya meneja na kibanda cha mfanyakazi wa reli zilivyotengana kwa hatua chache tu.

Gharama isimtishe anayetaka kuanza. Kadibodi ya maboksi, kisu kikali, rula ya chuma, gundi nyeupe, jasi na rangi za maji vinatosha kujenga mtaa wa kwanza. Asitafute mji mzima. Achague mji mmoja wa kweli na mwaka mmoja, atafute picha na ramani zake za zamani, kisha achukue kona moja: ghala, kipande cha reli kinacholihudumia, na barabara inayotoka hapo kwenda dukani. Kabla ya kukata ukuta wa kwanza ajiulize nani alifanya kazi ndani ya ghala hilo, mzigo wake ulitoka wapi, na jioni mtu huyo alirudi nyumbani kwa kufuata barabara ipi. Nyumba hiyo nayo aipatie mahali pake mezani.