Siku moja Amboseli: Picha ya tembo yenye nchi mbili ndani yake

Wafanyabiashara wanaopitia Namanga huijua barabara ya Arusha hadi Nairobi kwa vituo vyake: mizani, forodha, maegesho ya malori na nyumba za kulala wageni. Wachache wamewahi kuifuata ile ya vumbi inayotoka Namanga upande wa Kenya na kuelekea mashariki, hadi lango la Meshanani la Hifadhi ya Taifa ya Amboseli. Anayetoka Namanga alfajiri kwa gari imara anaweza kushinda hifadhini akipiga picha za wanyama, na jioni akarudi mpakani kusubiri mzigo wake.

Amboseli ina ukubwa wa kilomita za mraba 392 na ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1974. Ina pundamilia, nyumbu, viboko, fisi na ndege wengi wa majini, lakini sifa yake kubwa ni tembo, au ndovu kama wanavyosema wengi nchini Kenya. Picha inayowaleta wageni kutoka kila pembe ya dunia ni ya tembo huyo akitembea chini ya Mlima Kilimanjaro.

Picha hiyo ni mali ya nchi mbili. Mnyama yuko Kenya, lakini kilele kilicho nyuma yake, chenye urefu wa mita 5,895, kiko Tanzania. Hata vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye, ambako tembo hunywa maji na kula majani mabichi wakati wa kiangazi, hulishwa na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka mlimani.

Kabla ya kuondoka

Jambo la kwanza ni karatasi. Hifadhi za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zina kiwango maalumu cha kiingilio kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambacho ni sehemu ndogo tu ya kile anacholipa mtalii wa Ulaya au Marekani. Lakini uraia huo lazima uthibitishwe langoni kwa pasipoti au kitambulisho. Aliyeacha hati zake kwenye lori asishangae akitajiwa bei ya mgeni. Viwango hubadilika, na malipo hufanywa kwa simu au kadi badala ya fedha taslimu. Ni vizuri kuuliza bei na kuandaa njia ya kulipa siku moja kabla.

Jambo la pili ni usafiri. Bodaboda haiingii hifadhini. Wengi hukodi gari Namanga upande wa Kenya na kuchangiana gharama. Watu wanne au watano wakigawana kodi na mafuta, safari haimlemei mmoja.

Jambo la tatu ni plastiki. Tangu Juni 5, 2020, Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja katika maeneo yaliyohifadhiwa, zikiwemo chupa za maji. Beba maji kwenye chupa ya chuma au chombo kingine cha kudumu.

Mwanga, subira na simu

Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na hufungwa saa 12 jioni. Mlima huonekana vizuri zaidi asubuhi na mapema, kisha mawingu huufunika mchana na mara nyingi hufunguka tena jioni. Kwa hiyo anayetaka mlima kwenye picha asifike saa nne. Mchana si wakati wa kupoteza pia, kwa sababu ndipo tembo wengi hujaa vinamasini. Kuelekea jioni hutoka kwa mistari mirefu kurudi malishoni, na vumbi huwaka rangi ya dhahabu.

Simu ya kawaida inatosha, mradi itumiwe kwa akili. Futa kioo cha kamera kila mara, maana vumbi la Amboseli ni jepesi na huingia kila mahali. Usimvute mnyama karibu kwa vidole kwenye kioo hadi picha ichakae. Mpige akiwa na mazingira yake, utaikata baadaye. Mwambie dereva azime injini ili gari lisitetemeke, kisha egemeza simu kwenye kimfuko cha maharage au mchele dirishani. Weka jua nyuma yako, na elekeza kamera kwenye jicho la mnyama.

Adabu nazo zina sheria. Hakuna kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa, kama Kilima cha Noomotio, ambako mtu huona vinamasi vyote kutoka juu. Usipige honi ili tembo ageuke, na dereva asiache njia kumfuata. Tembo akitanua masikio na kukukazia macho, umeshasogea mno. Ndege zisizo na rubani haziruhusiwi bila kibali, na wanaopiga picha kwa ajili ya biashara hulipia kibali chake.

Sikio ndilo kitambulisho

Picha nzuri ya tembo ina kazi zaidi ya kupamba simu. Tangu mwaka 1972, mtafiti Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwatambua tembo wa Amboseli mmoja mmoja kwa picha. Kila sikio lina mipasuko, matundu na mishipa yake, na hakuna wawili wanaofanana. Kwa njia hiyo familia zimefuatiliwa kutoka bibi hadi kitukuu. Dume maarufu Tim, aliyekufa kifo cha kawaida Februari 2020 akiwa na umri wa miaka 50, alijulikana hivyo tangu utotoni.

Tembo hao hawaishii kwenye mstari wa mpaka. Huvuka hadi Enduimet, Magharibi mwa Kilimanjaro, na kurudi. Hapo ndipo wanapokutana na sheria mbili. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huruhusu uwindaji wa leseni, na sehemu ya mapato hayo huenda kwa jumuiya za hifadhi za vijiji, ambavyo ndivyo vinavyovumilia tembo mashambani.

Katikati ya miaka ya 1990, kuuawa kwa madume wa Amboseli upande wa Tanzania kulizua mzozo, na baada yake uwindaji wa tembo katika ukanda huo ulisimama kwa karibu miaka 30. Kisha, katika kipindi kisichofika mwaka kilichoanza Septemba 2023, watafiti waliripoti kuwa madume wasiopungua watano walipigwa risasi huko na wawindaji wenye leseni. Miongoni mwao walikuwa wenye pembe kubwa, aina ambayo pembe moja hufikia kilo 45. Madume kama hao ni wachache sana Afrika nzima.

Ibara ya 116 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama kuwa na sera ya pamoja ya kuhifadhi wanyamapori. Namanga yenyewe imeonyesha kwamba sheria za nchi mbili zinaweza kukaa kwenye meza moja. Tangu kituo cha pamoja kilipozinduliwa rasmi Desemba 2018, mzigo hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Tembo anayevuka kilomita chache kutoka hapo bado hana mpango kama huo, na vijiji vya Enduimet bado havijaambiwa vitalipwa na nani iwapo dume huyo ataachwa hai ili apigwe picha Kenya.