TUMBAKO YA KIKO: AINA NYINGI AO MBILI TATU?

Ninyi wenye kuvuta kiko, sikieni. Wengine wanapenda kuonja tumbako ya kila aina. Wengine wanashika mbili tatu mpaka uzee. Tuangalie majani kwanza.

Virginia inakaushwa kwa joto la moto pasipo moshi. Sukari yake inabaki, ni tamu. Lakini ukivuta mbiombio inaunguza ulimi. Burley nyeupe, iliyoonekana Ohio, Marekani, mwaka 1864, inakaushwa na upepo kivulini: jani linakufa polepole na kula sukari yake. Tumbako nyeusi ingine inakaushwa kwa moshi wa kuni. Ile ya Uturuki, majani madogo yenye kunukia, inakaushwa juani.

Basi onja moja moja, siku nyingi, maana kiko kinashika harufu ya tumbako ya jana. Kisha chagua chache, kila moja na kiko chake.

Lakini aina zote zina nikotini, na zote zinaweza kuleta kansa ya kinywa. Na feza ya kuonja aina kumi, uihesabu: labda ni bei ya jembe. Mwenye kuacha kabisa, huyu amechagua vizuri kuliko sisi wote.