Soma Mara Mbili: Funzo la Mzee wa COBOL kutoka Masii

Je, ushawahi kutuma pesa, halafu meseji ikaja na jina usilolijua?

Hivi majuzi tulikuwa Masii, kaunti ya Machakos, tukiongea na wateja sokoni. Mama mmoja muuza mbaazi alikuwa ametuma shilingi 6,200, karo ya mtoto, kwa mtu asiyemjua. Alikosea tarakimu moja tu. Tulipokuwa tukimsaidia, mzee mmoja aliyeketi karibu akampa pole, akasema kosa kama hilo liliwahi kumfika mwaka 1974.

Kumbe Mzee alikuwa akiandika programu za mishahara jijini Nairobi, kwa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Marekani mwaka 1959 kwa ajili ya kazi za biashara. Siku hizo hakuwa na skrini mezani. Kila mstari ulitobolewa kwenye kadi yenye safu 80. Safu 6 za kwanza zilibeba nambari ya mstari, ili kadi zikimwagika sakafuni uweze kuzipanga tena. Unapeleka kadi jioni, majibu unayapata asubuhi. Ukisahau nukta moja, siku imeenda.

Lakini kosa la nukta lilikuwa afadhali, alituambia, maana mara nyingi mashine ilikataa. Balaa ilikuwa tarakimu za malipo. Ukiandika 5,100 badala ya 1,500, mashine haijui ulitaka nini. Inajua ulichoandika, basi.

Ndiyo maana kadi za malipo zilipigwa mara mbili. Mfanyakazi wa kwanza anatoboa, wa pili anapiga tarakimu zilezile upya kwenye mashine ya kuhakiki. Zisipolingana, kadi inarudi. Mwisho wa mwezi mmoja, kwa haraka, Mzee alipitisha kadi bila kuhakikiwa. Mshahara wa mtu ukaenda kwa mwingine, naye akahangaika siku tatu kuufuatilia.

Kwenye simu yako, mfanyakazi wa pili ni wewe. Kwa hivyo:

- Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Si lenyewe? Ghairi.
- Ukikosea, tupigie papo hapo na usifute meseji. Pesa ikishatolewa, kuirudisha ni vigumu.
- Ukipokea pesa usiyoijua, usiitumie, wala usimtumie yeyote anayekupigia akidai ni yake. Pigia huduma kwa wateja.
- PIN ni yako peke yako. Hata sisi hatutakuuliza.

Na yule mama? Mpokeaji alikuwa ameshatoa 2,200. Zile 4,000 zilizobaki tuliziwahi, zikamrudia. Alipotuma karo tena, Mzee akiwa kando yake, alisoma jina kwa sauti, akalirudia, ndipo akabonyeza.