Udongo wa Jiko: Namna ya Kuuchagua, Kuujengea na Kuutunza

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Shauri Moyo na Makongeni hadi Umoja na Kayole, jiko la makaa bado lina kazi hata katika nyumba zenye gesi. Gesi huchemsha chai. Githeri, maharagwe na matumbo huachiwa makaa. Mnunuzi wa jiko aghalabu huangalia bati: rangi, miguu, mikono ya kubebea. Lakini makaa yake yataokolewa na kile kibakuli cha udongo kilicho ndani, na namna fundi alivyokijengea. Udongo ukipasuka, wengi huendelea kupikia hivyo hivyo mpaka bati liungue, kisha wananunua jiko jipya. Hasara hiyo huepukika, kwa sababu udongo hutolewa ukawekwa mwingine, na bati lile lile likaendelea kutumika.

Jiko la zamani lilikuwa bati tupu. Makaa yalikaa juu ya chuma, na joto jingi lilitokea ubavuni kabla ya kuifikia sufuria. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa uliandaa mkutano mkubwa hapa Nairobi kuhusu nishati mpya na jadidifu, na suala la kuni na makaa likapata wasikilizaji. Miaka iliyofuata, wataalamu kama Max Kinyanjui, shirika la KENGO na mafundi wa jua kali walilichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo ndani ya bati, wakalirekebisha lifae mapishi ya Kenya. Katika majaribio ya mwanzo udongo ulishuka mpaka chini. Jiko likawa zito, na udongo ukapasuka upesi. Ndipo likaja umbo tunalolijua: pana juu, kiuno chembamba, pana tena chini, udongo ukikaa nusu ya juu peke yake. Mafundi wa Shauri Moyo na Kamukunji wakaishika kazi hiyo, wakikata bati kutoka mapipa makuukuu, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 jiko hilo lilikuwa limeingia katika nyumba laki kadhaa nchini.

Siri yake ni nyepesi. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara thelathini kuliko udongo uliochomwa. Udongo ukilizunguka kaa, joto huzuiwa lisikimbilie pembeni, moto hukolea, na sufuria hupata sehemu kubwa zaidi. Jiko lililo zima hupunguza makaa kwa kiasi cha theluthi moja au hata zaidi likilinganishwa na lile la bati tupu. Matundu ya chini hufanya kazi mbili: hupitisha hewa na kudondosha jivu. Kimlango cha chini ndicho kinachopima hewa hiyo.

Ukienda kununua udongo, usichukue wa kwanza unaopewa. Uning'inize kwa vidole, kisha uugonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Uliochomwa vizuri hulia kwa sauti kali inayodumu kidogo. Ukitoa sauti butu, ama una ufa usioonekana, ama haukuiva tanuruni. Tazama rangi: iwe nyekundu ya tofali, sawasawa pande zote. Doa jeusi katikati ya unene huonyesha moto haukufika ndani. Chungulia matundu dhidi ya mwanga. Yawe wazi yote na yalingane. Mwisho, pima upana wake na mdomo wa jiko lako. Udongo uingie bila kulazimishwa, na nafasi ndogo ibaki kuuzunguka, kwa kuwa humo ndimo simiti itakamoshika.

Kazi ya kubadilisha huanza jiko likiwa limepoa kabisa. Udongo wa zamani huvunjwa kwa tindo na nyundo ndogo, kuanzia katikati kuelekea ukingoni ili bati lisipinde. Simiti iliyoganda na kutu hukwanguliwa mpaka chuma kionekane. Huu ndio wakati wa kulikagua bati lenyewe: kama kiuno kimetoboka au mafiga matatu ya kushikia sufuria yamelegea, fundi aunganishe kwanza. Udongo mzuri ndani ya bati lililooza ni pesa iliyotupwa.

Kinachofuata ndicho kinachotenganisha fundi na mbabaishaji. Bati likipata moto hupanuka kama mara mbili ya udongo. Vitu viwili vinavyopanuka tofauti vikishikanishwa na simiti ngumu tupu, kimoja kitakivunja kingine. Ndiyo maana simiti huchanganywa na vemikulaiti, chembechembe nyepesi za madini zinazovumilia moto, zenye hewa ndani yake. Mchanganyiko huo huzuia joto na kuacha ulegevu kidogo kati ya bati na udongo. Fundi akikupigia simiti na mchanga peke yake kwa sababu ni rahisi, jiko litapendeza siku ya kwanza, lakini nyufa hazitakawia.

Kabla ya kuupachika, udongo hulowekwa majini kwa muda mfupi. Udongo mkavu hufyonza maji ya simiti, nayo simiti ikikauka kabla ya wakati hubaki unga. Mchanganyiko hupakwa kwanza kwenye kiuno cha bati, udongo huketishwa juu yake na kusawazishwa, kisha pengo la pembeni hujazwa kwa kushindilia kidogo kidogo ili pasibaki uwazi. Ukingo wa juu hulainishwa kwa kidole chenye maji. Matundu yachunguzwe tena, maana tone moja la simiti huziba njia ya hewa.

Kisha subira. Jiko likae kivulini siku mbili au tatu, simiti ikinyunyiziwa maji mara moja moja. Moto wa kwanza uwe wa makaa machache, usio na sufuria nzito, ili unyevu uliobaki utoke polepole. Unyevu ukigeuka mvuke ghafla hupasua udongo siku hiyo hiyo. Baada ya hapo, miiko ni miwili: usimwagie maji jiko lenye moto, na usivunjie makaa makubwa ndani yake. Chakula kikishachemka, punguza upenyo wa kimlango. Maharagwe huiva kwa moto wa chini, na makaa yanadumu.

Wenye jamaa mashambani wamekwisha kuona ndugu wa udongo huu. Jiko Kisasa, lililoenezwa tangu miaka ya 1980 na Maendeleo ya Wanawake kwa msaada wa GTZ ya Ujerumani, na jiko la Upesi linalofinyangwa na vikundi vya akina mama Magharibi mwa Kenya, ni udongo wa kuni unaojengewa kwa tope na mawe mahali pale palipokuwa na mafiga. Huo una mdomo wa mbele wa kuingizia kuni, na hauna matundu ya chini. Usijaribu kuutumia kwa makaa, wala huu wa makaa kwa kuni.

Limebaki jambo moja zito kuliko akiba yote. Udongo hutunza joto kwa muda mrefu, na makaa yaliyofunikwa na jivu huonekana kama yamezimika wakati bado yanaungua. Makaa yanayoungua kwa hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi kwa wingi. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Katika baridi ya Juni na Julai, mtu anayeishi chumba kimoja huliingiza jiko ndani, hufunga dirisha na mlango, na usingizi humchukua. Kila mwaka familia huangamia hivyo. Jiko bora haliondoi hatari hii, kwa sababu kupunguza makaa si kuondoa gesi.

Kwa hiyo liwashe nje au kwenye korido iliyo wazi, na ukipikia ndani, dirisha na mlango viwe wazi muda wote. Kichwa kikianza kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu kikikujia wewe na wenzako pamoja, tokeni nje mara moja kupata hewa, kisha nendeni hospitali. Ukimaliza kupika jioni, litoe jiko nje hata kama unaliona limepoa, na usilirudishe ndani mpaka asubuhi.