Hell's Gate: Bonde ndilo safari, korongo si lazima

Fungua simu ya rafiki yeyote aliyewahi kwenda Hell's Gate na utaikuta ile picha. Amesimama katikati ya kuta mbili za mwamba zilizopinda kama shuka lililokunjwa, mwanga unashuka kutoka juu, naye ametazama angani utadhani anasubiri helikopta. Imepigwa ndani ya korongo la Ol Njorowa. Ni picha tamu, sikatai. Lakini imewafanya watu wengi waamini kwamba Hell's Gate ni hilo korongo tu, na kwamba usipoingia humo ni kama hukwenda.

Wacha nikwambie: safari yenyewe ni bonde. Kutoka Lango la Elsa hadi pale korongo linapoanzia ni kilomita saba au nane hivi, karibu zote tambarare, na kuta za miamba myekundu zinakusindikiza kila upande. Huhitaji kuwa mwanariadha. Ukiweza kutembea kutoka katikati ya jiji hadi Westlands na kurudi bila kulalamika sana, hii unaiweza. Na ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambako unaruhusiwa kupita kwa miguu yako mwenyewe, au kwa baiskeli, katikati ya pundamilia. Hakuna gari, hakuna kioo kati yako nao.

Toka Nairobi mapema, saa kumi na mbili asubuhi uwe tayari umeketi ndani ya matatu ya Naivasha. Ni kilomita tisini hivi. Ukifika Naivasha mjini, badilisha: panda matatu zinazofuata barabara ya kusini mwa ziwa kuelekea Kongoni. Utapita Karagita, kisha mashamba ya maua, na huenda jirani yako kwenye kiti ni mtu anayekwenda kufunga waridi litakalouzwa Ulaya kesho kutwa. Mwambie kondakta akushushe njia panda ya Hell's Gate. Hapo utawapata vijana wa baiskeli, na kazi ya kupatana bei ni yako. Usikimbilie ile yenye rangi nzuri. Bonyeza breki zote mbili, zungusha pedali uone kama mnyororo unaruka, kalia kiti. Baiskeli mbovu utaijua ukiwa kilomita tano ndani, jua limekaza, na hakuna fundi.

Ada ya kuingia hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hivyo usifike langoni ukiwa na noti mkononi, chaji asilimia tatu na bando limeisha. Beba kitambulisho, maana bei ya raia si bei ya mgeni. Lango hilo, kwa taarifa yako, limepewa jina la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, ambaye aliishi ng'ambo tu ya hapo kando ya Ziwa Naivasha.

Ukishaingia, kitu cha kwanza kukusimamisha ni jiwe. Linaitwa Mnara wa Fischer, nguzo ya mwamba yenye urefu wa karibu mita 25 iliyosimama peke yake pale bonde linapojibana. Ni lava iliyogandia ndani ya koo la volkano. Miaka mingi baadaye mlima uliolizunguka ukamomonyoka, koo likabaki. Gustav Fischer alikuwa Mjerumani aliyetumwa kutafuta njia kutoka pwani hadi Ziwa Victoria. Mwaka 1883 alifika sehemu hizi, Wamaasai wakamzuia, naye akageuza. Ajabu ni kwamba aliyeshindwa kupita ndiye jina lake limebaki kwenye ramani.

Wenyeji wana stori yao kuhusu jiwe hilo, na mimi naipenda zaidi. Ni msichana wa Kimaasai aliyekuwa akisindikizwa kwenda kuolewa. Alikatazwa kugeuka kutazama nyumbani kwao. Akageuka, akawa jiwe. Ukisimama upande unaofaa, kweli unaweza kuona kichwa na mabega.

Kwenye nyufa za jiwe hilo wanaishi pimbi, wale wanyama wanaofanana na panya wanono lakini kwa ukoo wako karibu na ndovu. Watakutazama kama wanakudai. Kutoka hapo bonde linafunguka, nyasi ni za rangi ya majani ya chai yaliyokauka, na wanyama wako wazi: pundamilia, swala, kongoni, ngiri na watoto wake mkia juu, twiga kama una bahati. Punguza mwendo. Wengi hupita sehemu hii mbio wakiwahi korongo, halafu wanarudi Nairobi wakisema hakukuwa na kitu cha kuona. Kaa chini dakika kumi. Tazama juu ya kuta, utaona alama nyeupe zilizotiririka kwenye mwamba kama chokaa. Ni kinyesi cha ndege wakubwa ambao wamezaliana humo vizazi kwa vizazi.

Lakini usijisahau. Nyati wapo, na nyati si ng'ombe wa shosho. Ukimwona, simama mbali, subiri, zunguka. Usimsogelee kwa ajili ya simu. Nyani nao wanajua sauti ya karatasi ya chipsi kuliko wewe, kwa hivyo chakula kikae ndani ya mkoba, zipu imefungwa.

Utaona pia vipande vya jiwe jeusi vinavyong'aa kama chupa iliyovunjika. Ni kioo cha volkano, lava iliyopoa haraka mno. Watu wa kale sehemu hizi walikichonga kuwa visu. Kishike, kitazame juani, kisha kirudishe pale pale. Mbugani hatuondoki na mawe.

Kadiri unavyosonga kusini utaanza kuona moshi mweupe nyuma ya vilima. Si moto, ni mvuke. Hapo ni Olkaria, kiwanda cha umeme wa mvuke wa ardhini kilichoanza kufanya kazi mwaka 1981, miaka mitatu kabla eneo hili halijatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa. Zaidi ya theluthi moja ya umeme wa Kenya hutoka ardhini namna hii, kwa hivyo kuna uwezekano mkubwa simu unayopigia picha ilichajiwa na mvuke huo. Mabomba na malori yanaharibu mandhari, watu husema. Wana haki. Na kuna waliopoteza zaidi ya mandhari: mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Bonde hili linalipa bili nyingi.

Sasa tuje kwa korongo.

Ili uelewe Ol Njorowa, anza na ziwa. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mno kuliko hili tunalolijua. Likajaa, likafurika upande wa kusini, na maji yakajichimbia njia kupita kwenye mawe laini na majivu ya volkano. Ziwa likapungua, mto ukafa, lakini njia ikabaki. Unapopita chini mle unatembea ndani ya mfereji, na mfereji haujasahau kazi yake.

Mvua ikinyesha kwenye miteremko ya Longonot na vilima vya jirani, maji hushuka kwa vijito vidogo vidogo, na vijito hivyo huingia korongoni. Bondeni maji yana nafasi ya kutawanyika; mtu atalowa viatu tu. Korongoni kuna sehemu ambapo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Chukua maji yaliyofika magotini kwenye mto mpana, yabane yapite kwenye mlango wa chumba, halafu fikiria yatapanda hadi wapi. Na mvua si lazima ikunyeshee wewe. Ukiwa chini mle, anga unayoiona ni kamba tu ya samawati. Inaweza kuwa safi kabisa huku kilomita kadhaa kutoka hapo wingu linajimwaga.

Hili si jambo la kutishana. Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa kutoka Nairobi walifagiliwa na maji humo. Septemba 1, 2019, ikatokea tena, watu saba wakafa, mmoja wao akiwa mwongozaji watalii. Tazama hiyo tarehe ya pili. Septemba si msimu wa masika. Na mwongozaji alikuwa nao. Kwa hivyo zile sentensi mbili tunazojipa moyo nazo, kwamba si miezi ya mvua na kwamba tuko na gaidi anayejua njia, hazitoshi.

Baada ya mkasa huo wa 2019 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililifunga korongo. Kabla ya kupanga safari yako, na tena langoni asubuhi hiyo, uliza kama liko wazi. Ukiambiwa limefungwa, usimtafute mtu wa kukupenyeza kwa mia tano.

Likiwa wazi, ingia na mwongozaji aliyeidhinishwa, na kabla hujashuka muulize maswali mawili: njia za kutokea kwa dharura ziko wapi, na leo mvua imenyesha upande gani. Akijibu kwa kucheka, tafuta mwingine. Ndani, weka macho kwenye maji. Yakibadilika rangi kuwa ya tope, yakianza kubeba majani na vijiti, au ukisikia mngurumo kama wa lori linalokuja, panda juu papo hapo. Usijaribu kushindana nayo mbio ukifuata korongo. Usirudi kuchukua mkoba. Kuna pia chemchemi za maji moto kwenye kuta, na baadhi yanachoma kikwelikweli, usitie mkono kupima.

Tatizo kubwa, hata hivyo, si kukosa habari. Ni mbogi. Mmechanga pesa, mmeamka usiku, mmesafiri saa tatu, na mmoja tayari ameahidi watu mtandaoni video ya korongo. Wingu linaonekana juu ya Longonot lakini hakuna anayetaka kuwa yule wa kuharibu sherehe. Dawa yake ni kuamua mapema, mkiwa bado kwenye matatu na hakuna aliye na presha: wingu jeusi popote, hatushuki. Mtu mmoja akisema hapana, sote ni hapana, na hakuna kumchamba njiani. Mkikubaliana hivyo kabla ya Naivasha, mkifika kule hamtahitaji shujaa.

Na mkikosa kushuka, bado kuna mengi. Kutoka juu, kwenye eneo la kupumzikia karibu na Mnara wa Kati, unalitazama korongo likijikunja huko chini, na miguu yako iko pakavu. Kama bado una nguvu na baiskeli inakubali, kuna mzunguko wa Buffalo unaopanda vilimani kuelekea upande wa Olkaria. Huo si rahisi tena, una milima ya kusukuma baiskeli kwa mikono, lakini ukitazama nyuma unaliona bonde zima.

Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, kwa sababu ndani hakuna duka. Beba kofia: uko juu ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari na jua la huko hubembeleza kwa upepo huku likikuunguza shingo. Vaa raba zenye soli nzuri, si nyeupe. Vumbi la huku ni jivu la volkano, jepesi kama unga wa ngano, na litakufuata hadi nyumbani.

Anza kurudi saa tisa, ukichelewa sana saa kumi. Lango hufungwa saa kumi na mbili jioni, na kurudi huwa kurefu kuliko kwenda. Ila mwanga wa wakati huo ndio mzuri kushinda wote. Jua likishashuka, kuta za mashariki huwaka kama makaa, na pundamilia wanakuwa na vivuli virefu kuliko wao. Piga picha hapo. Kisha rudisha baiskeli, panda matatu, na uwahi kiti cha dirisha upande wa kulia. Longonot itakuwa upande huo karibu njia yote, na kama kuna wingu juu yake utaliona.